Chuoni Hakuna Kengele

Wanachuo wenzangu, boom likiingia kila mtu anageuka mhasibu. Hii ya chakula, hii ya kutoa kopi, hii ya nauli, hii ya kumtumia mama nyumbani. Likikata, tunajua limekata tarehe ngapi na limeishia wapi. Lakini muulize mtu huyohuyo saa zake za wiki iliyopita zimeishia wapi. Atacheka tu: "Aah, wiki imekimbia, ndugu yangu."

Wiki haikukimbia. Wiki zote zina mwendo mmoja. Kilichobadilika ni kwamba tumetoka mahali penye kengele tukaja mahali pasipo na kengele, na wengi wetu hatujaambiwa kwamba mpiga kengele sasa ni mwenyewe.

Nilipokuwa Bunda kwenye mazoezi ya kufundisha, nililiona hili kwa jicho la mwalimu. Kipande cha rimu ya gari kinaning'inia mtini, mwanafunzi wa zamu anakigonga, na shule nzima inahama: usafi, mstarini, kipindi cha kwanza, uji, kipindi tena. Kule bweni kuna kengele ya kuamka, ya prepo na ya kuzima taa. Mtoto wa sekondari hapangi muda wake, anapangiwa. Anaishi hivyo miaka minne, akienda kidato cha tano na sita miwili mingine, halafu Oktoba moja anashuka stendi na begi lake, anaingia chuo, kimya. Hakuna anayemuuliza jana jioni alisoma nini. Huo si uhuru wa kuuchezea, maana majibu yake yanakuja mwisho wa muhula, na yanakuja kwa jina la sapu.

Tupige hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa mihula miwili, unapata 600. Muhula ukiwa na wiki 15, ni saa 40 kila wiki. Sheria ya kazi ya nchi hii inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa hiyo ukiulizwa unafanya kazi gani, jibu bila aibu: nina kazi ya muda wote, inaitwa kusoma.

Sasa angalia ratiba yako. Tuseme mihadhara na semina zinachukua saa 20. Zinabaki 20 nyingine ambazo hazina ukumbi, hazina mhadhiri, hazina karatasi ya kusaini. Shahada inapatikana au inapotea humo. Na hizo ndizo tunazozila kwa kupekua simu, kwa diskasheni ambayo robo tatu yake ni stori za mpira, na kwa ile kauli yetu pendwa ya "nitapiga msuli wiki ya mwisho." Saa 20 za wiki 15 ni saa 300. Hakuna kukesha kwa wiki moja kunakorudisha saa 300, hata ungekunywa kahawa ndoo nzima.

Sisi wa Elimu tunachekesha zaidi, maana dawa tunafundishwa darasani. Tunajua azimio la kazi, tunajua andalio la somo. Kwa kipindi cha dakika 40 tu, mwalimu anaandika lengo, anagawa dakika za utangulizi, maarifa mapya na hitimisho, kisha anaweka nafasi ya tathmini na maoni. Hakuna mkaguzi atakayekubali andalio lililoandikwa "leo nitafundisha Jiografia." Lakini sisi wenyewe tunaandika kwenye daftari "Jumamosi: kusoma." Kusoma nini? Kutoka saa ngapi? Utajuaje umeelewa?

Ninachopendekeza ni kila mtu ajiandalie saa zake 20 hivyohivyo. Jumapili jioni chukua karatasi moja. Kwanza weka visivyosogea: vipindi, ibada, kufua, kibarua kama unacho. Halafu chagua saa za kujisomea na uandike kazi yenye mwisho: "Jumanne saa 10 mpaka 12 jioni, maktaba, kumaliza swali la 2 na la 3 la asaimenti ya saikolojia." Wiki ikiisha jaza sehemu ya maoni bila kujidanganya: kipi kimefanyika, kipi hakikufanyika, kwa nini. Usitengeneze ile ratiba ya rangi saba inayobandikwa ukutani na kufa siku ya tatu.

Na upange kwa kufuata nguvu yako. Mimi ni wa Musoma. Pale mwalo wa Mwigobero, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kila usiku kwa pupa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, wengi wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kupumzika. Jiulize giza lako ni lipi, yaani saa ambazo kichwa chako kinavua. Kama ni alfajiri, somo gumu liwe alfajiri. Kushona nyavu, yaani kupanga madesa, kuchapa kazi, kujibu meseji za kundi la darasa, kuwe saa umechoka.

Kuna watakaosema wana majukumu mengi mno. Basi watazame Butiama. Mwenzetu wa fani ya ualimu, Julius Nyerere, aliyepata diploma yake ya ualimu Makerere na kufundisha Tabora na Pugu, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, naye bado yuko Ikulu. Ushairi hautafsiriwi kwa saa zilizobaki kwa bahati. Kuna mahali alizitenga.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaotuimbia kwamba "kila mtu ana saa 24." Wiki ina saa 168. Toa 40 za masomo, toa 56 za kulala, zinabaki 72. Kwa anayekaa hosteli bila majukumu, 72 ni utajiri. Kwa dada anayelea mtoto, kwa kaka anayeendesha bodaboda jioni ili alipe chumba, kwa anayesubiri daladala mbili asubuhi na mbili usiku, hizo 72 zimeshaliwa kabla ya Jumatatu. Huyo hahitaji kuhubiriwa nidhamu, nidhamu anayo kutuzidi. Anachohitaji ni kujua mapema nini kinakuja lini.

Hapo ndipo naigeukia serikali yetu ya wanafunzi. Majaribio matatu ndani ya siku mbili, au jaribio linalotangazwa usiku kwenye kundi la darasa kwa ajili ya kesho asubuhi, yanavunja ratiba ya yeyote, na yanamvunja zaidi yule wa bodaboda. Viongozi wa madarasa wakusanye tarehe za majaribio na asaimenti za kozi zote kufikia wiki ya pili, wazipange kwenye kalenda moja ya kila mwaka wa masomo, wazibandike, na panapogongana wakakae na wakuu wa idara mapema. Haihitaji bajeti wala maandamano. Inahitaji daftari na watu wanaofuatilia.

Wao wafanye hilo, na mimi na wewe tuandae saa zetu 20. Kesho kutwa tutasimama mbele ya watoto na kuwadai wafike darasani kabla kengele haijalia. Tutawadai kwa uso gani kama sisi wenyewe tulipita chuo tukisubiri mtu atugongee?