MEZA YA JAMAA: Viazi vitamu, viazi vikuu, pomdetere – kipi kinamfaa mtoto?



Siku moja baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia: “Pastere, utusaidie. Mimi na bwana wangu tunagombana kila wiki juu ya viazi.” Nikafikiri anacheka. Hapana, alikuwa na uchungu wa kweli. Bwana wake anafanya kazi kwenye mgodi, na akirudi anataka pomdetere, yaani viazi vya kizungu, maana anasema ndicho chakula cha watu walioendelea. Mama anasema ile pesa ya kilo chache za pomdetere ingenunua mfuko mzima wa viazi vitamu wakati wa mavuno. Na baba mkwe, mzee wa zamani, anawacheka wote wawili. Yeye anasema chakula cha kweli kilikuwa kiazi kikuu, kile alichokichimba babu yake kijijini, kirefu kama mguu wa mtu.

Nikamwambia mama: nitajibu kwa maandishi, ili na jamaa zingine zinazogombana zisikie.

Kwanza tujue kwamba hivi vitatu si ndugu, hata kama vyote tunavichimba udongoni. Pomdetere ni wa ukoo mmoja na tomati, bilinganya na pilipili. Kiazi kitamu ni wa ukoo wa yale maua yanayotambaa juu ya uzio na kufunguka asubuhi. Kiazi kikuu (wengine kwa kufuata Kifaransa husema inyame) ni ukoo wa peke yake, shina lake linapanda juu ya miti na miti ya kuegemea. Huyu ndiye mwenyeji wetu hasa: Afrika ya Magharibi walimlima tangu zamani sana, na mpaka leo Nigeria ndiyo inayovuna viazi vikuu kuliko nchi zote za dunia. Kiazi kitamu na pomdetere vilitoka Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hakuna mtu wa Afrika wala wa Ulaya aliyekuwa amevionja. Mtume Paulo hakula hata kimoja.

Na yule bwana anayependa pomdetere kwa sababu ya heshima ya kizungu, nimwambie polepole: wazungu hawakukitunga. Walikikuta kwa wakulima wa milima ya Andes, kule Peru na jirani zake, watu wanaolima kwa mikono kama mama zetu. Kinapenda baridi, ndiyo maana kwetu kinastawi Kivu kwenye milima, na huku kwenye migodi kinafika juu ya lori, bei ikiwa imepanda kila kituo.

Sasa tuone kilichomo ndani. Chukua gramu 100 za kila kimoja, kimechemshwa kwa maji tu. Pomdetere inakupa nguvu ya kalori karibu 87, kiazi kitamu karibu 76, kiazi kikuu karibu 116. Basi baba mkwe ana haki kidogo: mtu wa kazi ngumu atashiba zaidi kwa kiazi kikuu, na madini yale yanayoitwa potasiamu anayapata mengi kuliko kwenye vile viwili. Vitamini C iko karibu sawa kwa vyote vitatu. Ukichemsha pomdetere na ngozi yake, inabaki nyingi zaidi. Lakini protini, ile inayojenga mwili wa mtoto, hakuna kiazi kinachofika hata gramu 2 kwa gramu 100. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Mama akimjaza mtoto viazi peke yake, vya aina yoyote, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa. Kwa njia hiyo jamaa nyingi zimekutana na kwashiorkor, ule ambao wengi huita bwaki. Kiazi kinataka mwenzake: kalanga, maharagi, kapenta, yai.

Mpaka hapa, bwana na mama bado wako sawa. Tofauti kubwa iko kwenye rangi.

Kata kiazi kitamu katikati. Kikiwa cheupe ndani, kinafanana na wengine: nguvu ya mwili, basi. Kikiwa cha rangi ya karoti ndani, umepata kitu kingine kabisa. Gramu 100 zake zilizochemshwa zina vitamini A zaidi ya mikrogramu 700. Mtoto mdogo anahitaji kama 300 mpaka 400 kwa siku. Kiazi kimoja kidogo, mtoto amepata ya siku yote. Pomdetere haina vitamini A. Kiazi kikuu cheupe karibu hakina. Mahindi meupe ya bukari hayana, muhogo mweupe karibu hauna, mkate hauna. Jamaa yaweza kula mara tatu kwa siku, na meza yote ikawa nyeupe.

Hapa niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe sijalisahau.

Miaka michache iliyopita, katika kanisa ninalolitunza, kulikuwa na mtoto mwanaume, umri wake kama miaka minne. Alikuwa ametoka kwenye ugonjwa wa surua. Mchana alicheza na wenzake vizuri. Jua likitua, alikaa karibu na ukuta, hakutaka kutembea. Wakimwita kula, anagusa chini kwa mkono akitafuta sahani. Akikanyaga moto, akivunja vitu, anapigwa. Bibi yake akaanza kusema maneno ya hatari: “Huyu mtoto ana kitu. Kila giza likiingia anabadilika.” Ninyi mnaoishi katika miji yetu mnajua maneno kama hayo yanampeleka mtoto wapi. Wengine wanaishia barabarani.

Waliniletea ili nimwombee. Nikamwombea. Kuomba si kosa. Kosa langu ni kwamba niliweka mikono juu ya kichwa cha mtoto, nikamrudisha nyumbani, na sikuuliza swali hata moja juu ya sahani yake. Wiki mbili nzima watu walibaki wanaamini kwamba kama hata pastere ameomba na hakuna kilichobadilika, basi kweli “ana kitu”. Mimi ndiye niliyewapa neno hilo bila kulisema.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa korali yetu, muuguzi. Aliuliza tu: “Mchana anaona? Usiku haoni? Alikuwa na surua?” Kesho yake akawachukua mpaka kituo cha afya. Wakampa vitamini A, siku ya kwanza, siku ya pili, kisha tena baada ya wiki mbili. Haikupita juma moja mtoto akawa anakimbia jioni. Bibi alilia sana. Mimi pia, lakini nililia nyumbani.

Ugonjwa ule unaitwa upofu wa usiku. Unakuja wakati mwili umemaliza akiba ya vitamini A, na surua inaimaliza upesi. Ukiachwa, jicho linakauka, kisha linaharibika kabisa, na upofu huo hauna kurudi. Tena mtoto asiye na vitamini A akishikwa na surua ana hatari kubwa ya kufa. Nchi yetu mwaka 2019 ilizika zaidi ya watu 6000 kwa ajili ya surua, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo watu wa afya wakipita na zile kapsuli, ya bluu kwa watoto wa miezi 6 mpaka 11, nyekundu kwa wale wa mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano, usimfiche mtoto. Na ukiona mtoto anaogopa giza namna ile, kimbia kwenye kituo cha afya kwanza. Usingojee viazi, viazi ni vya kumlinda asifike huko.

Ile jamaa haikuwa maskini, nataka mlielewe hilo. Baba alikuwa na mshahara. Walikula mkate, bukari nyeupe, na pomdetere za kukaangwa karibu kila Jumapili. Matembele yalikuwa yanaota nyuma ya choo cha jirani na mama aliona haya kuyaomba.

Juu ya kiazi cha rangi ya karoti watu wamefanya kazi kubwa. Mwaka 2016 tuzo kubwa ya chakula ya dunia ilipewa watu wanne kwa kazi ya kuongeza vitamini katika mazao, na watatu kati yao walishughulika na kiazi hiki hapa Afrika: Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda, na Jan Low wa Marekani. Kule Msumbiji walijaribu katika vijiji, jamaa zikalima na kula, na damu ya watoto ikaonyesha vitamini A imeongezeka. Dawa ya aina hiyo inaota kwenye lupango.

Kupika si kazi. Chemsha na ngozi yake, kisha umenye. Weka mafuta kidogo au kalanga za kutwanga, maana vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mafuta ya ngazi mekundu yanafaa sana, nayo yana vitamini hiyo yenyewe, ila usiyachome mpaka yawe meupe. Na majani, matembele, usiyatupe: yana protini kuliko kiazi chenyewe, na vitamini A pia. Pomdetere ya kukaanga inabeba kalori karibu mara tatu ya ile ya kuchemsha. Na pomdetere iliyogeuka kijani kwa kukaa juani, usiipikie watoto, ina sumu. Iweke gizani.

Wenye ugonjwa wa sukari wananiuliza kama waache kiazi kitamu kwa sababu ni kitamu. Ulimi si kipimo. Kiazi kitamu cha kuchemsha mara nyingi hakipandishi sukari ya damu haraka kuliko pomdetere. Cha kuchoma motoni kinaipandisha zaidi. Kula kidogo, na maharagi, na umsikilize daktari wako.

Neno moja kwetu sisi wa migodi. Usipande matembele pembeni ya mabaki ya kiwanda, wala kwenye maji yanayotoka huko, wala karibu na mahali pa kuoshea madini. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga, na mboga pamoja na vumbi ni kati ya njia zinazoiingiza mwilini. Tafuta udongo ulio mbali. Osha majani mara mbili, tatu, kwa maji safi. Viazi navyo visugue kabla ya kuchemsha, na umenye ngozi. Kama huna udongo mzuri, afadhali ununue kwa mama anayelima mbali.

Yule mama wa mlangoni nilimpa marando ya kupanda. Nimesikia bwana wake sasa anakula viazi hivyo asubuhi na chai, ila mbele ya wageni bado anataka pomdetere. Tumwache. Marando mengine yako nyumbani kwangu, kata urefu wa mkono na upande mvua ikishaingia vizuri. Anayetaka aje Jumamosi asubuhi, na mfuko wake.