Usisimame Kati ya Trekta na Mashine

Mwanafunzi mmoja wa Himbi, hapa Goma, ameniuliza jinsi mashine ya kupandia mahindi kwa mistari inavyowekwa tayari na kufungwa nyuma ya trekta. Kwanza nilicheka. Trekta katika Himbi? Mji wetu wote umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mawe hayo yalishuka yakiwa moto, yakapita katikati ya mji mpaka ziwani. Na mama anayetaka tuta moja la lengalenga hana budi kupasua mawe na kutafuta udongo kwanza. Kisha nikaacha kucheka, maana watoto wa Himbi hawakai Himbi siku zote. Mmoja huenda kusoma kilimo. Mwingine hupata kazi mbali, katika nchi ya mashamba makubwa ya mahindi kama yale ya Kitale na Eldoret, huko Kenya. Huko haulizwi ametoka kwenye mawe gani. Huambiwa tu: "Funga mashine."

Basi, kijana, usingoje mvua. Mashine iliyolala ghalani miezi mingi ina wageni ndani yake. Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliipaka mafuta minyororo, nikakaza nati zote, nikajiona fundi. Lakini sikuchungulia mirija ya kushushia mbegu. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo katika mrija mmoja. Tulipanda kutwa nzima kwa furaha, na baada ya siku kumi mahindi yakaota mstari mmoja, mstari wa pili mtupu, mpaka mwisho wa shamba. Tangu siku ile napitisha fimbo katika kila mrija. Sanduku la mbolea nalo lioshwe, kwa kuwa mbolea hula chuma.

Ndani ya sanduku la mbegu mna sahani yenye matundu, na kila tundu huchukua mbegu moja. Mbegu zako zikiwa nene kuliko tundu, hazitaingia. Zikiwa ndogo mno, zitaingia mbili mbili. Chagua sahani kwa mbegu ulizonunua mwaka huu, si kwa zile za mwaka jana.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mahindi mengi hupandwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 25 kati ya mbegu na mbegu; ndiyo kusema mimea kama 53,000 katika hektari moja. Inua mashine juu ya magogo imara, gurudumu lake lisiguse chini. Pima mzunguko wa gurudumu. Tuseme ni mita 2: ukilizungusha mara 10, ni kama mashine imekwenda mita 20, na kila mrija sharti udondoshe mbegu 80 katika mfuko ulioufunga chini yake. Ukipata 50, kuna kasoro; itafute hapo hapo ghalani.

Haya, tufunge. Trekta nyingi zina mikono mitatu nyuma, miwili chini na mmoja juu. Zamani mashine ilikokotwa kwa kufungwa mahali pamoja tu, na jembe likinaswa na kisiki, trekta iliweza kuinua pua na kumpindukia dereva. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndiye aliyeutengeneza mpango huu wa mikono mitatu, na trekta zake ndogo za kijivu, zilizoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, ziliueneza duniani.

Lakini mpango mwema hauokoi mtu mzembe. Mara nyingi baba hurudisha trekta nyuma, na mwanawe amesimama kati, pini mkononi, akisema, "Bado kidogo, baba, bado kidogo." Mguu wa baba ukiteleza kwenye klachi mara moja tu, mtoto hubanwa kifua kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo nasema kwa ukali: trekta ikitembea, mtu asiwepo kati. Msaidizi asimame pembeni, mahali dereva amwonapo, aelekeze kwa mkono. Trekta isimame, breki ivutwe, injini izimwe, ndipo mtu aingie. Usiingize kidole katika tundu ili kuona kama matundu yamelingana. Tumia jicho, au kijiti.

Funga mkono wa chini wa kushoto kwanza. Kisha wa kulia, kwa kuwa mara nyingi huo ndio wenye mpini wa kuupandisha na kuushusha. Mwisho mkono wa juu. Kila pini itiwe kifungio chake, wala si msumari uliookotwa. Kaza minyororo ya pembeni mashine isiyumbe. Mkono wa juu huzungushwa urefuke au ufupike mpaka mashine ikae sawa, isiiname mbele wala nyuma. Ikiinama, mbegu nyingine zitazikwa mno, nyingine zitabaki juu kwa ndege.

Shambani, panda mita 10 tu, kisha simama. Gurudumu huteleza katika udongo, na hesabu ya ghalani hubadilika. Fukua mstari kwa vidole: mbegu ziwe karibu 40, kwenda chini kama sentimita 5. Dereva atanung'unika kwamba mvua inakuja. Mwache anung'unike, wewe hesabu.