Elektroniki Haikaririwi

Elektroniki ya analojia hushughulika na umeme unaopanda na kushuka bila kukatika, mfano ule unaobeba sauti kutoka maikrofoni hadi spika. Elimu hii hupatikana kwa kuunda saketi, kuipima, na kuitafutia dosari inapogoma. Mwenyezi Mungu hakumpa binadamu akili peke yake, alimpa na mikono. Inasikitisha basi kuona wanafunzi wanaikariri kwa madaftari. Kanuni ya Ohm, iliyochapishwa tangu 1827, huimbwa darasani hadi mtihani, lakini aliyefaulu akipewa betri ya volti 9, taa ndogo ya LED na rundo la rezista, hajui achukue ipi. LED nyekundu hula volti 2 hivi, zinabaki 7; mkondo wa miliampea 20 unadai omu 350. Dukani rezista za kawaida ni 330 na 390. Kuchagua kati ya hizo mbili, kwa sababu inayoelezeka, ndiko kuanza ufundi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Chemsha bongo iliyo bora zaidi kwa anayeanza ni kuunda pawa saplai: transfoma ya volti 12, dayodi 4 za silikoni na kapasita moja. Mwanafunzi hutarajia volti 12, mita humwonyesha zaidi ya 15. Hapo asikimbilie kulaumu mita. Volti 12 za transfoma si kilele cha wimbi. Kilele hufika 17. Dayodi mbili zinazopitisha kwa zamu moja hupunguza karibu 1.4, na kapasita hushika kinachobaki. Aliyefunga kapasita ya volti 16 kwa kuona imezidi 12 ameiweka ukingoni, nayo huweza kuvimba umeme wa gridi ukipanda. Salama ni ya volti 25. Kijana aliyehangaika na jambo hili hadi akalielewa hulishika maisha yake yote.

Kisha aunganishe amplifaya asikilize. Kwa umeme wa hezi 50 unaotumika Afrika Mashariki, mngurumo wa dayodi nne zilizo nzima huwa wa hezi 100. Ukishuka hadi 50, dayodi moja huenda imekatika. Sikio limekwisha kusema pa kupima! Vijana wanaofikia kiwango hicho, wengine bila cheti chochote, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Wapo pia mafundi wanaostahili kukemewa. Mwanagenzi huletwa na wazazi wake, akatumwa chai na kufagia, na kifaa kikifunguliwa fundi humgeuzia mgongo. Wengine hubadilisha transista moja baada ya nyingine bila kupima hata volti moja, mteja akalipia zote. Kuficha ujuzi ni uchoyo, na kubahatisha kwa fedha za mtu mwingine ni dhuluma. Fundi mwema humpa mwanagenzi redio mbovu na mita, humwonya juu ya upande wa volti 230 na kapasita zinazobaki na chaji, kisha humwacha afikiri.

Walimu nao wafanye vivyo hivyo: kila kanuni inayoandikwa ubaoni ipimwe mezani siku hiyohiyo, na mwanafunzi apewe saketi iliyoharibika aitengeneze kabla ya kupewa alama.