Kabla Hajapanda Basi



Septemba ikikaribia, nyumba nyingi za pwani huwa katika pilkapilka za kuwafungia mizigo vijana wanaokwenda vyuo vikuu vya Eldoret, Njoro na Maseno. Begini tunatia mswala, msahafu, kopo la achari na visheti vya kutosha juma la mwanzo. Mlangoni tunawasomea dua na kuwaambia, "Mwanangu, ichunge dini yako." Basi huondoka, nasi tukaona tumeusia.

Hatujausia. Hilo la pombe, hasa, hatujalitaja. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, hapakuwa na baraza wala shughuli ya harusi ambako haikuzungumzwa. Lakini pombe tunaifanya kuwa ni mambo ya watu wengine.

Kijana wetu anajua kuwa pombe ni haramu. Alifundishwa hilo madrasa kabla ya kubalehe. Asilolijua ni ajibu nini usiku wa Ijumaa, chupa ikitolewa na wenzake wa chumbani, nao ni watu wema waliomgawia chakula tangu Jumatatu. Hajaambiwa kwamba soda aliyoiacha mezani asiirudie. Wala hajui amfanyeje mwenzake aliyelewa hata hazinduki: amlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asimwache peke yake, aite msaada upesi. Binti naye yampasa ayajue haya haya. Tusidhani buibui litamjibia.

Na liko kubwa zaidi: hajui kama, akiteleza, anaweza kutupigia simu. Pengine maneno yetu yamekwisha kumjibu. Tulipomsema mtoto wa jirani, "Angekuwa wangu asingeikanyaga nyumba hii," alikuwa ameketi pale pale, na aliyaweka moyoni.

Alikuja kijana kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimsogeza karibu, akamwuliza kama angeliridhia hayo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Hadithi hii tumeisikia darsani mara nyingi, tukaipenda, na nyumbani tukabaki upande wa waliokemea.

Basi usiku mmoja kabla ya safari, mizigo ikiwa bado wazi, tuketi naye, baba na mama pamoja, simu zikiwa mbali. Tumwulize anahofia nini huko aendako, kisha tunyamaze ajibu. Tumwambie wazi kwamba haramu haitageuka halali kwa kuwa tunampenda. Lakini usiku wowote akihitaji kutoka mahali, apige simu, nauli tutaituma kwa M-Pesa, na maswali yatangoja asubuhi. Na ahadi hiyo tuitimize, hata simu ikilia saa nane za usiku.