Mwenda Tezi na Omo: Somo la Mpiga Selo

Wahenga wetu wa mwambao, waliozoea kulala majahazini, walituachia neno lao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Leo nalitumia neno hilo kumtaja mtu asiyezaliwa pwani hii, naye ni Yo-Yo Ma, mpiga selo. Nimemchagua kwa sababu barazani kwetu kuna ubishi usiokwisha juu ya taarabu. Wazee wanasema vijana wameiharibu, na vijana wanasema wazee wameifungia sandukuni. Naona maisha ya fundi huyu yana jawabu kwa pande zote mbili.

Selo si ngeni kwetu. Ni ndugu mkubwa wa fidla. Mpigaji hukaa kitini akaiweka baina ya magoti, akapitisha upinde juu ya nyuzi zake nne. Waliohudhuria taarabu ya Unguja wameiona pamoja na kanuni, udi na nai, katika vyama vilivyofuata mtindo wa Misri, kama Akhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905. Wamisri waliichukua kwa Wazungu wakaiweka katika makundi yao makubwa, nayo ikawafaa. Shingo yake haina vile vyuma vya kugawanya sauti vilivyomo katika gita. Kidole huweza kuangukia zile sauti ndogo zilizo baina ya sauti mbili, na bila sauti hizo bayati haiwi bayati wala rasti haiwi rasti. Piano ya kawaida haiwezi hilo.

Yo-Yo Ma alizaliwa Paris mwaka 1955, wazazi wake Wachina. Babake, mwalimu wa muziki, alimwanzisha angali mdogo kwa tungo za Bach, Mjerumani aliyeandika zaidi ya miaka mia tatu iliyopita tungo sita za selo pweke. Kila siku alimpa vipande viwili vidogo tu vya kuhifadhi, basi. Kesho yake, viwili vingine. Kwa mwendo huo wa kobe mtoto akavuka bahari ya Bach. Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka saba, alipiga mbele ya Rais Kennedy wa Marekani. Kisha akasomea chuo cha muziki cha Juilliard, New York, na mwaka 1976 akahitimu Harvard katika elimu ya watu na mila zao.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya jamvi twaijua njia hiyo. Mwalimu hakutupa juzuu nzima kwa siku moja. Alituandikia aya ubaoni, tukaisoma mpaka ikakaa kifuani, ubao ukaoshwa, ikaandikwa nyingine. Sisemi kwamba muziki na Kurani ni mamoja, hasha! Na hukumu ya ala nawaachia mashekhe. Nasemea njia ya kusomesha: kidogo kidogo, kwa moyo, mbele ya mwalimu.

Aliposhika asili yake ndipo alipotoka. Mwaka 1996 alitoa sahani pamoja na mpiga fidla wa muziki wa mashamba ya Marekani. Mwaka 1997 akatoa nyingine ya tango ya Argentina, na mwaka 2003 ya Brazil. Mwaka 1998 alianzisha mradi wa Njia ya Hariri, akawakusanya mafundi wa nchi ambazo misafara ya zamani ilipita. Humo amepiga pamoja na Kayhan Kalhor, Muirani mpiga kamanja, na Kinan Azmeh, Mshami wa Damascus anayepuliza klarineti. Hakuwaambia wapige kama Bach. Yeye ndiye aliyekaa akasikiliza, kama mgeni mwenye adabu anayengoja kuonyeshwa pa kuvulia viatu.

Na kila alipotoka alirejea. Tungo zile sita za utotoni amezitoa mara tatu: mwaka 1983, mwaka 1997 na mwaka 2018. Mwaka huo wa 2018 alianza safari ya kuzipiga katika miji ya mabara sita. Huko ndiko ngamani kwake.

Sasa turudi kwetu. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin akamfuata mwaka 2016. Kila fundi anapozikwa, huzikwa naye mapigo ambayo hayakuandikwa popote. Kijana akinunua kinanda cha umeme akachanganya taarabu na ngoma za kigeni, mimi simlaumu kwa kuchanganya. Taarabu yenyewe ni mchanganyiko: udi wa Waarabu, selo ya Wazungu, mahadhi ya Kihindi na shairi la Kiswahili. Ninalomuuliza ni moja: unachanganya nini na nini? Asiyejua mizani wala vina, asiyeweza kuitambua bayati akiisikia, hana cha kutia chunguni. Amebaki na cha wenzake peke yake.

Na wazee nao wasijitoe. Mwenye ujuzi akiuficha kwa kuogopa kupitwa, ataupeleka kaburini. Mtu atasema Yo-Yo Ma alipata vyuo vya kitajiri. Kweli, lakini vile vipande viwili kwa siku alivipata nyumbani kwa babake, bila ada. Basi mwenye udi na amwite mtoto wa jirani alasiri moja tu kwa wiki. Na serikali za kaunti za mwambao, zinazotumia fedha kwa tamasha za siku mbili tatu, ziwalipe mafundi waliobaki wasomeshe mwaka mzima. Tamasha huisha kwa kuvunjwa jukwaa, lakini mwanafunzi aliyehifadhi wimbo mmoja barabara atakuwa na pa kurejea popote atakapokwenda.