Mitoki Isitibiwe kwa Kukisia

Mgonjwa akifika Hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja akiwa na mitoki shingoni, homa, jasho la usiku na mwili unaokonda, daktari hufikiria kwanza TB ya tezi, na ana haki. Lakini dalili hizohizo huletwa na ugonjwa wa Castleman, ulioelezwa miaka ya 1950 na mwanapatholojia wa Boston, Benjamin Castleman. Jina ni moja, maradhi si mamoja. Unaokaa sehemu moja ya mwili mara nyingi hupona kwa upasuaji tu. Unaoenea kwenye tezi nyingi una sura zaidi ya moja: upo unaochochewa na virusi vya HHV-8, vilevile vinavyosababisha saratani ya Kaposi, na upo usiojulikana chanzo. Wenye virusi hutibiwa kwa rituksimabu, kwa uangalifu mkubwa, maana dawa hiyo yaweza kuizidisha Kaposi. Usio na chanzo una siltuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 baada ya majaribio yasiyowahusisha wenye VVU wala HHV-8. Bila kujua aina hakuna dawa sahihi; ndiyo maana nasema Unguja ianze na maabara kabla ya kuwazia dawa ghali.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuhangaikia ugonjwa adimu ilhali TB imejaa? Swali ni la haki, ila linasahau kwamba kinachoutambua Castleman ndicho kinachoitambua TB na saratani ya tezi: tezi itolewe nzima, kwa kuwa sindano hutoa chembe lakini haionyeshi zilivyopangika, kisha ikatwe, itiwe rangi na isomwe. Na uwezo huo si ndoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha, hapohapo Mnazi Mmoja, kwamba kipimo cha MPT64, antijeni ya bakteria wa TB, kinaboresha utambuzi wa TB ya nje ya mapafu. Kipimo hicho hutumia kingamwili na rangi; alama za HHV-8 hutafutwa kwenye tezi kwa njia ya namna hiyohiyo. Gharama? Rituksimabu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na upasuaji wa tezi moja hauhitaji dawa hizo kabisa. Nionalo hatari zaidi ni utulivu: maambukizi ya VVU Zanzibar yako chini ya asilimia 1, basi ni rahisi kudhani HHV-8, inayohusishwa na VVU, haituhusu, ilhali virusi hivyo vimeenea Afrika Mashariki na huwaletea Castleman hata wasio na VVU.