Nani Kasema Chuma Lazima Kianzie Chini?

Gym za mtaani hazikosi fundi wa kauli moja: dedilifti ni kuvuta chuma kutoka sakafuni, miguu karibu-karibu, basi. Ukipanua miguu kwa mtindo wa sumo, unaiba. Ukikipandisha chuma juu ya matofali, hujanyanyua kitu. Wanaoamini hivyo ni wengi, na wote wamekosea.

Tuanze na hiyo sakafu inayoabudiwa. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 juu ya ardhi. Kimo hicho kimeletwa na ukubwa wa sahani. Hakuna aliyekuja kupima mapaja yako wala mikono yako. Sasa njoo kwenye gym zetu za uani, ambako uzito ni zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi. Kopo lenye upana wa sentimita 24 linakiacha chuma sentimita 12 tu kutoka chini. Kijana mrefu anainama kukifuata, nyonga zinafika mwisho wake, mgongo unajikunja kama upinde, na pembeni mwalimu anapiga makofi: “Kaza, kaka!” Kijana anaanzia chini kuliko bingwa wa dunia na hakuna aliyemwambia. Tofali moja chini ya kila kopo lingemaliza tatizo. Lakini tofali, eti, ni aibu.

Na hiyo sumo ya wezi? Mwaka 1991 Ed Coan wa Marekani, akiwa na uzito wa kilo zisizofika 100, alivuta kilo 409 huku miguu ameipanua. Ni kweli njia ya chuma inakuwa fupi, ila nyonga na mapaja hubeba kazi kubwa zaidi. Mashindano ya watu wenye nguvu, kama yale ambayo Eddie Hall alivuta kilo 500 mwaka 2016, hayaikubali sumo. Sawa, ni kanuni za mchezo wao. Wewe unayetaka kubeba gunia la mchele bila kulalamika kiuno, umejiandikisha lini kwenye mchezo huo?

Kuna pia chuma cha pembe sita, ambacho unasimama katikati yake na mzigo unakuwa ubavuni badala ya mbele ya miguu, hivyo kiuno kinapata nafuu. Alikibuni Al Gerard, mnyanyuaji wa Marekani aliyesumbuliwa na mgongo. Mafundi wetu wanakiita cha wagonjwa. Jeshi la Marekani limekitumia kupima nguvu za askari wake. Wakawaambie hao kwamba ni wagonjwa.

Kwa asiyeshindana, dedilifti inayofaa ni ile anayoweza kuirudia kila wiki na kuiongezea uzito kidogo kidogo, mgongo ukiwa umenyooka tangu chuma kinapoanza kutoka chini hadi anaposimama wima. Mwenye mapaja marefu mara nyingi ataipata kwenye sumo au juu ya matofali. Mwenye mikono mirefu huenda akastarehe na ile ya kawaida. Majivuno hayamo kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kumwongezea mtu kopo jingine, simama ubavuni mwake umtazame mgongo. Ukiona unajikunja, acha makofi, lete tofali.